Saa za pembe zilizopinda: ninavyokusanya Gruen Curvex na jamaa zake

Ami yangu alikuwa fundi saa Kibokoni, Mombasa. Meza yake ilikaa mlangoni pa nyumba, na kioo cha kukuzia kilikuwa hakitoki kwenye jicho lake la kulia. Mteja akileta saa ya duara, ami aliipokea, akaandika jina kwenye kipande cha karatasi na kuitia koponi. Akiletewa saa ya pembe nne, aliigeuza kwanza mara tatu, akaitazama ubavuni, akagonga kioo kwa ukucha, ndipo akataja bei. "Ya duara nitaitafutia kioo," alikuwa akisema. "Hii ikikosa chake, imekosa."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuona tofauti. Leo nina saa kumi na nne za pembe nne na za umbo la pipa, nyingi za miaka ya 1930 na 1940, na maneno yale ndiyo ninayoyafuata kila ninapotoa pesa. Saa ya duara ikivunjika kioo, fundi hupima upana wake, akachomoa kingine kwenye droo. Saa ya umbo la peke yake haina droo hiyo. Kioo chake kimekatwa kwa ajili yake, uso wake vilevile, na mashine yake huenda haiingii katika kasha lingine lolote. Kwa hiyo nunua iliyokamilika, hata kama bei yake ni mara mbili ya ile iliyopungukiwa na "kitu kidogo tu". Kitu hicho kidogo ndicho utakachokitafuta mwaka mzima.

Naishi Columbus, Ohio, na huku ndiko mkusanyiko wangu ulikopata mwelekeo. Dietrich Gruen, Mjerumani aliyehamia Marekani, alianza kutengeneza saa papa hapa Columbus katika miaka ya 1870, kabla kampuni ya familia yake haijahamia Cincinnati, mwendo wa saa mbili kwa gari. Huko Cincinnati, mwaka 1917, walijenga makao juu ya kilima walichokiita Time Hill: jengo lenye sura ya ukumbi wa mafundi wa Ulaya ya kale, ungedhani ndani yake wanachonga mawe. Mashine zao nzuri zilitengenezwa Biel, Uswisi, zikavuka bahari kuja kutiwa katika makasha Marekani. Nimesimama mbele ya jengo hilo na Curvex mkononi, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi kama mtoto.

Curvex yenyewe ilitoka mwaka 1935. Ili uelewe kwa nini watu wanaitafuta, tazama mkono wako. Kifundo cha mkono hakiko bapa, lakini mashine ya saa ni bamba bapa lenye magurudumu juu yake. Ukitaka saa ndefu, nyembamba, iliyojikunja kufuata mkono, utafanya mojawapo ya mawili: utatia mashine ndogo bapa katikati ya kasha lililopinda na kuacha nafasi tupu mwanzo na mwisho, au utaipinda mashine yenyewe. Watengenezaji wengi walichukua njia ya kwanza. Gruen walichukua ya pili: mabamba ya mashine yakafuata upinde wa kasha, na sehemu zake zikakaa kwa mshazari, kila moja mahali pake kwenye upinde. Mashine ikawa kubwa kuliko ambayo ingeingia ikiwa bapa, ikajaza kasha. Ya kwanza ilipewa nambari 311, ikafuata 330, kisha 440 ambayo ndiyo ndefu yao. Ukiifungua 330 ukaiweka mezani kwa ubavu, utaona imejikunja kama ukucha. Sijui saa nyingine ya zamani inayonifanya niite watu waje waone.

Hata hivyo, usianze na Curvex. Anza na Hamilton ya pembe nne yenye mashine 980 au 982, zilizotengenezwa Lancaster, Pennsylvania. Ya kwanza ina vito 17, yaani vijiwe vinavyoshika ncha za mihimili kupunguza msuguano, ya pili 19. Mashine ni bapa, hata pale ambapo kasha limepinda, na zilitengenezwa nyingi kiasi kwamba fundi anaweza kuchukua kipuri kutoka saa iliyokufa. Mfano uitwao Boulton ni mzuri wa kuanzia: mabega yamechongwa vizuri, si mkubwa, na unakaa chini ya mkono wa kanzu bila kuukamata. Vaa hiyo mwaka mmoja. Jifunze kuijaza, jifunze sauti yake, jua fundi wako anaifungua vipi. Bulova nazo ni rahisi kupatikana, na zina jambo moja linalomsaidia mgeni: kuanzia mwaka 1950 mgongo wa kasha uliandikwa herufi na tarakimu za mwaka. L ni miaka ya 1950, M ya 1960, N ya 1970. Kwa hiyo L5 ni 1955 na M3 ni 1963. Kabla ya hapo walitumia alama ndogo, pembetatu, mishale na mfano wa hizo.

Kuitazama saa

Wauzaji wengi mtandaoni hupiga picha moja, ya uso, na mwanga ukimeremeta juu ya kioo. Picha hiyo haikwambii chochote. Mimi huomba nne, kwa adabu, na asiyetaka kuzipiga namwachia saa yake: ubavu mzima ukiwa umelala mezani, pembe nne kwa karibu, ndani ya mgongo wa kasha, na mashine.

Ubavu kwanza. Kwenye kasha lililopinda, upinde lazima uwe mmoja, kioo na chuma vikienda pamoja. Ukiona kioo bapa juu ya kasha lililopinda, mtu alikosa kioo chake akabandika alichopata. Ubaya wake unazidi sura: akrabu huweza kukigusa kioo, saa ikawa inasimama kila ikifika mahali fulani na mmiliki hajui kwa nini. Tazama pia kama kuna gundi ya njano pembeni. Gundi kali ya kawaida ya dukani hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe ndani ya kioo na juu ya uso; kioo cha saa kina gundi yake.

Kisha pembe, na hapa naomba usiharakishe. Umbo ndiyo saa yenyewe. Kasha la pembe nne likisuguliwa mara tatu nne na mafundi wanaopenda kung'arisha, kingo zake huwa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika. Michirizi iliyochongwa hufifia, hatua za mabegani hupotea, na hakuna fundi atakayekurudishia chuma kilichokwenda na vumbi. Mimi huridhika na kasha lenye mikwaruzo na makovu madogo lakini lenye kingo kali kuliko lile linalong'aa. Ukilishika mkononi pitisha kidole gumba pembeni polepole. Kidole kitajua kabla ya jicho.

Dhahabu nayo husomwa pembeni. Makasha mengi ya Kimarekani ya zama hizo si dhahabu tupu. Yakiandikwa "10K Gold Filled" au "14K Gold Filled", maana yake ni shaba iliyofunikwa kwa bamba la dhahabu, na bamba hilo ni zito kuliko la kuchovya. Maandishi "Rolled Gold Plate" ni bamba jembamba zaidi. Vyote huanza kuchakaa pale ngozi na shati vinaposugua: ncha za mabega, na nyuma ya mahali pa mkanda. Ukiona rangi imegeuka kidogo, nyekundu au kijani, hiyo ni shaba inachungulia. Kuchovya upya kunawezekana, lakini hufunika michongo, na mimi huacha shaba ionekane. Saa za Uswisi za dhahabu halisi zina muhuri mdogo ndani: kichwa cha mwanamke kwa karati 18, kindi kwa karati 14. Mihuri hiyo ilidumu hadi mwaka 1995. Na ukiona mgongo umeandikwa "Stainless Steel Back", soma neno la mwisho: chuma kisichoshika kutu ni mgongo peke yake. Sehemu ya mbele ni kitu kingine.

Kwa Gruen kuna faida kubwa ndani ya kasha. Mara nyingi utakuta nambari ya mtindo iliyogawanywa kwa kistari, na tarakimu za kwanza ni nambari ya mashine iliyokusudiwa. Kasha likianza na 440, basi mashine iwe 440. Nambari yake imechongwa kwenye bamba. Zisipokubaliana, umeuziwa saa mbili zilizofungishwa ndoa. Neno "Curvex" kwenye uso pekee si ushahidi, kwa sababu nyuso hupakwa upya na mpakaji huandika anachoambiwa.

Uso uliopakwa upya

Hapo ndipo nilipoumia. Mwaka wa pili wa kukusanya nilinunua 330 kwa dola 140 kutoka kwa muuzaji mmoja wa soko la Jumapili. Uso ulikuwa mweupe safi, nambari nyeusi, nikaona nimeokota. Nyumbani, chini ya kioo cha ami (nilikirithi, fremu yake imefungwa uzi), niliona vistari vya dakika haviko sawa na alama za saa. Kwenye 4 kistari kilipita kushoto, kwenye 8 kilipita kulia. Herufi za jina zilikuwa nene kama za kibao cha duka. Neno dogo "Swiss" lililopaswa kuwa chini kabisa, chini ya 6, halikuwapo. Uso wa kiwandani ulichapwa kwa bamba lililochongwa, herufi zake zina ncha kali hata ukizikuza mara kumi.

Sikuitupa, na sikukosa usingizi kwa dola zile. Kilichoniuma ni kwamba chini ya rangi ile mpya uliwahi kuwapo uso wa fedha hafifu, labda wenye madoa, uliochapwa zaidi ya miaka themanini iliyopita, na umekwenda usirudi. Tangu hapo nikipewa chaguo kati ya uso wa kahawia wenye madoa na uso mpya mweupe, nachukua wenye madoa na nalipa zaidi. Wakusanyaji wengine hawaoni tatizo kwenye uso uliopakwa vizuri na hawana kosa. Mradi muuzaji aseme, na bei ishuke.

Angalia pia nambari zenye unga mnene wa rangi ya kahawia au kijani kibichi kilichooza. Saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa gizani mara nyingi zilitumia radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa inawaka imechoka, lakini radiamu yenyewe nguvu zake hupungua kwa nusu tu baada ya takriban miaka 1,600. Usiikwangue, usiifungue kwenye meza ya kulia, usimpe mtoto achezee. Saa nyingi za mtoko hazina rangi hiyo kabisa, na mimi sinunui zilizo nayo.

Kuna jambo dogo la kwetu ambalo halikuandikwa na mtu wa Ohio. Bibi yangu alisoma saa kwa kuvuka: akrabu fupi ikiwa kwenye 7, jicho lake linakwenda ng'ambo, kwenye 1, naye anasema saa moja. Kwenye uso wa duara hilo halina taabu. Kwenye uso mrefu wa Curvex nambari za juu na chini ziko mbali sana na katikati, za pembeni ziko karibu, na mtu aliyezoea kuvuka huchelewa kidogo. Mama yangu nimempelekea Hamilton ya pembe nne iliyo karibu na mraba, na hiyo anaisoma bila kusita.

Mashine

Ukiipata saa mkononi, ijaze polepole, mizunguko kumi tu. Gurudumu la mizani lianze lenyewe, liende huku na huko kwa upana, bila kuyumba juu na chini. Likiyumba, mhimili wake umevunjika ncha au umepinda. Saa za wakati ule nyingi hazina kinga ya mshtuko, na kuanguka mara moja sakafuni kunatosha. Mhimili wa Hamilton 980 utapatikana. Wa Curvex huenda fundi akalazimika kuuchonga, nayo ni kazi ya siku na gharama yake inaweza kupita bei ya saa.

Vuta kitufe cha kujazia, zungusha akrabu duru nzima ya saa kumi na mbili, tazama kama zinagusana. Kisha iweke sikioni. Mashine hizi hupiga mara tano kwa sekunde, yaani 18,000 kwa saa, na programu za bure za simu zinaweza kuusikiliza mdundo huo na kukuonyesha kama unachechemea. Weka simu karibu kabisa, zima feni. Saa ikikimbia kwa dakika nyingi kwa siku, usikate tamaa kabla ya kujaribu jambo moja: mwambie fundi aweke dira ndogo karibu na mashine. Sindano ikicheza, springi ya mizani imeshika sumaku na mizunguko yake inagandana. Kuitoa sumaku ni kazi ya dakika moja.

Utasikia watu wakisema saa imekufa kwa sababu ilijazwa kupita kiasi. Kamani, ile springi unayoikaza ukijaza saa, ikifika mwisho inafika mwisho, haivunji chochote kwa hilo peke yake. Saa iliyojaa na haiendi ina mafuta yaliyokauka na vumbi. Usiilazimishe, wala usidondoshe mafuta ya cherehani ndani, kama nilivyoona mtu akifanya kwa nia njema kabisa. Ipeleke ifunguliwe, isafishwe na ipakwe mafuta mapya. Mimi hufanya hivyo kila baada ya miaka minne au mitano kwa zile ninazovaa. Kabla ya kumpa fundi Curvex, muulize kama amewahi kufungua moja. Jibu la hapana si aibu kwake, lakini na saa yako si ya kujifunzia. Aliyezoea mabamba bapa anaweza kukaza skrubu kwa kuegemea upande ambao hauna kitu chini.

Mahali pa kuzipata, kwa aliye huku, ni minada ya mali za marehemu, hasa nyumba ambazo mwenyewe alifanya kazi ya ofisini miaka ya 1940. Masoko ya Jumapili. Na mikutano ya NAWCC, jumuiya ya wapenda saa iliyoanzishwa mwaka 1943 na yenye jumba la makumbusho Columbia, Pennsylvania. Kwenye mikutano hiyo wazee huja na masanduku ya vipuri, na ndiko nilikopata kioo cha 440 nilichokitafuta miezi kumi na minne. Nenda na vipimo vyako kwa milimita: urefu, upana, na kimo cha upinde. Kwa aliye Mombasa au Dar, fungua macho kwenye droo za mafundi wakongwe wa mjini. Saa za pembe zilifika pwani pia, na ami alikuwa nazo tatu zisizokuja kuchukuliwa. Ila chunga saa zinazotoka India zenye nyuso za rangi kali, bluu na machungwa, na bei ndogo: nyingi ni saa za kweli zilizopakwa uso upya.

Kuvaa kwenyewe ni rahisi. Jaza asubuhi, saa ikiwa imevuliwa, kwa sababu kujaza ikiwa mkononi hukivuta kitufe upande. Usiivae ukitawadha: hakuna ulinzi wowote dhidi ya maji, na mgongo umebanwa tu. Joto la pwani na jasho ni maadui wabaya kuliko mvua, kwa hiyo ikitoka mkononi ifutwe kwa kitambaa kikavu na ilale kwenye kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Mkanda wa ngozi wa milimita 16 huingia kwenye nyingi. Chagua mwembamba, usio na sifongo ndani, la sivyo saa iliyokusudiwa kulala juu ya mkono itainuka kama daraja.

Kila saa yangu ina bahasha, na ndani yake karatasi kwa mtindo wa ami: tarehe, bei, nani aliiuza kama ameridhia kutajwa, nambari za kasha na mashine, kilichobadilishwa na kilichobaki vilevile. Vipuri vilivyotolewa, hata kamani iliyovunjika, huingia bahasha hiyohiyo. Karatasi ya karibuni inasema: "Curvex 440. Kasha na mashine vinakubaliana. Uso wa asili, doa karibu na 9. Kioo kimebadilishwa, cha zamani kimo humu. Kingo kali. Inachelewa dakika moja kwa siku. Isisuguliwe."